"Eleza zaidi" haimsaidii mtoto kuandika hadithi

Mwalimu akiandika "eleza zaidi" pembeni mwa insha, mtoto wa darasa la nne hufanya lile analolijua: huongeza "sana". "Soko lilikuwa kubwa sana, watu walikuwa wengi sana." Sentensi imerefuka, soko bado halionekani.

Mtoto huyu hakosi maneno. Hajafundishwa kutazama. Kwa hiyo kipindi kianze na kitu, kalamu zingoje. Vitu vya nyumbani vinatosha: sufuria yenye masizi, embe bivu, kandambili iliyokatika. Darasa la watoto 60 litoe makundi 10, kila kundi na kitu chake. Kwa dakika tano wakishike, wakinuse, wakigonge, bila kuandika. Kisha kila mmoja aseme jambo ambalo mwenzake hajalitaja. Akirudia, atazame upya. Raundi ya kwanza hutoa rangi na ukubwa tu. Ya pili ndiyo yenye mali: kisigino cha kandambili kimelika upande mmoja, na kamba yake imezuiwa kwa msumari chini. Hapo sasa waandike sentensi tatu, zisizidi.

Kuna jambo la lugha yenyewe ambalo walimu wengi hulipita. Vivumishi asilia vya Kiswahili ni vichache. Mtoto anayeambiwa "tumia vivumishi" huzunguka kwenye -zuri, -baya, -kubwa na -dogo mpaka anachoka. Nguvu ya kueleza tunayo kwenye vitenzi. Badala ya "mlango mbaya", mlango umeliwa na mchwa, bawaba imelegea. Tunayo pia kwenye -enye (kikapu chenye mkono mmoja) na kwenye tanakali za sauti: alilowa chepechepe, jiwe lilitumbukia chubwi. Tanakali moja kwa aya inatosha. Zikizidi, hadithi hugeuka kelele.

Hisia nazo zioneshwe kwa tendo. "Mama alikasirika sana" inaweza kuwa: "Mama aliacha kukuna nazi. Alinitazama bila kupepesa, kizio kikiwa bado mkononi." Neno hasira halimo, na kila mtoto darasani anajua kinachofuata.

Jihadharini na mianzo ya kukariri. Jua limechomoza, ndege wanaimba, hata hadithi ikiwa ya usiku! Muulize mwandishi kwa upole: ndege gani, walikuwa juu ya nini? Asipoweza kujibu, sentensi hiyo ifutwe.

Kosa jingine ni kueleza kila kitu. Katika hadithi moto unawaka, naye mtoto anataja vifungo vya shati la jirani. Achague mahali pamoja ambapo mambo yanageuka, aweke pale mambo mawili au matatu.

Maneno yakiongezeka, upatanisho wa ngeli nao hulegea: "viatu yenye matope". Usilisahihishe hilo kwenye rasimu ya kwanza. Mtoto akiona wino mwekundu kila alipojaribu, rasimu ya pili hurudi kwenye "kizuri sana".

Pembeni mwa insha andika maswali mawili tu yanayojibika: "Chumba kilinukaje?" "Mikono yake ilikuwa inafanya nini?" Jibu aliandike juu ya mstari au pembeni, kwa mshale, kwenye karatasi ileile, ndiyo maana tangu mwanzo aruke mstari mmoja kila anapoandika. Akiambiwa anakili upya ukurasa mzima, mkono huchoka, naye hufupisha palepale alipotakiwa kuongeza.