"Sisi ni watu wa hapa hapa": dhana potofu za wazazi wa Nairobi wanaopeleka watoto kambi Pwani

Likizo za Aprili, Agosti na Desemba zikikaribia, wazazi hunijia kliniki na habari njema. Hema limenunuliwa, tiketi za Madaraka Express zimekatwa, watoto watalala ufuoni Tiwi, Kilifi au Watamu. Nafurahi nao kwa dhati, maana mtoto anayekulia ghorofa ya tano anahitaji mchanga na mawimbi. Kisha nauliza kuhusu dawa ya kuzuia malaria, na jibu huwa lile lile: "Aa daktari, hiyo si ya watalii? Sisi ni watu wa hapa hapa."

Nimelisikia mno, na nimewalaza wodini watoto wengi mno wa wazazi waliolisema.

Kinga ya malaria haiji na kitambulisho wala rangi ya ngozi. Mwili huijenga polepole kwa kuumwa tena na tena na mbu wenye vimelea, mwaka baada ya mwaka, tangu utotoni. Na hata ikijengeka, ni kinga nusu: vimelea bado vinaingia, ila makali yake yanapungua. Mtoto wa kijijini Kilifi, kaunti ambako KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, imekuwa ikichunguza malaria ya watoto tangu 1989, huipata baada ya kuugua na kuponea. Mtoto wa Nairobi hajapitia hayo. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake hukichelewesha kimelea ndani ya mbu, mara nyingi mbu akafa kabla kimelea hakijakomaa. Ndiyo sababu Nairobi huhesabiwa katika maeneo yenye hatari ndogo. Lakini usalama huo ni wa mahali, haumo katika damu ya mtoto. Mkishashuka treni Miritini, kituo cha Mombasa, mtoto wako wa South B na yule aliyetua jana kutoka Ujerumani hawana tofauti yoyote mbele ya mbu.

Wanaobishana nami zaidi ni wazazi waliokulia Siaya au Busia, kule magharibi kwenye malaria nyingi. "Mimi malaria ilinizoea." Ni kweli ilikuzoea, lakini ukikaa Nairobi miaka mingi, kinga hiyo hufifia, na mtoto wako hakuirithi. Kingamwili anazopata mtoto akiwa tumboni humkinga miezi michache tu ya mwanzo. Lipo jambo moja la kurithi lenye ukweli: mtoto mwenye hali ya AS, yaani aliyerithi selimundu (sickle cell) kwa mzazi mmoja, ana ulinzi mkubwa dhidi ya malaria kali. Je, mtoto wako alishapimwa? Mwenye SS, anayeugua selimundu yenyewe, malaria inaweza kumuua upesi. Huyo asikanyage Pwani kabla ya kumwona daktari wake.

Wengine hunifungulia kitabu cha kliniki: chanjo zote kachomwa. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Septemba 2019 huko Homa Bay, ikaelekezwa kaunti za magharibi zenye malaria nyingi. Pekua kurasa za mtoto aliyechanjwa Nairobi, hutaiona.

Halafu kuna hili la "tunakaa siku tatu tu". Mbu mmoja, usiku mmoja, anatosha.

Kinachoniuma zaidi ni yanayofuata mkisharudi. Vimelea hukaa kwanza kwenye ini, na homa haianzi kabla ya siku 7 hivi tangu mtoto aumwe. Mara nyingi huchukua wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Kufikia hapo mchanga umeshakung'utwa kwenye viatu na mtoto yuko darasani. Homa ikipanda, mama anamvisha sweta na kusema ni baridi ya Nairobi. Baba anapitia kwa duka la dawa: paracetamol, dawa ya kikohozi, antibiotiki ya kubahatisha. Homa inashuka kwa saa nne au tano, inapanda tena. Siku ya tatu mtoto analetwa macho yamegeuka, ana degedege, viganja vimepauka kama karatasi. Ndipo nauliza kama walisafiri, na wazazi wanatazamana.

Malaria ya falsiparamu, aina iliyo kali zaidi, inaweza kumfikisha mtoto kwenye hali mahututi ndani ya saa 24. Kwa hiyo homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo, hata kama ana mafua. Neno la kwanza kwa mhudumu liwe "tulikuwa Pwani", kwa sababu Nairobi si kila mtu atawaza malaria. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidoleni na kungoja kama dakika 15 hadi 20. Kikisema hakuna na homa ikaendelea, kirudiwe kesho yake. Usikubali kurudishwa nyumbani na chupa ya sharubati peke yake.

Kinga ipo, na mtoto anaimeza. Ninayoipendelea kwa safari fupi ni vidonge vya atovakuoni na proguanili: huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuondoka, kila siku pamoja na chakula au maziwa, na kuendelea siku 7 baada ya kurudi. Hizi siku 7 ndizo watu hukatiza, na ndizo zinazoua vimelea vilivyobaki njiani. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, lakini huanzwa mapema zaidi na haimfai mwenye kifafa. Doksisaiklini si ya watoto chini ya miaka minane. Kipimo hutegemea kilo, kwa hiyo njoo na mtoto mwenyewe apande mizani, wiki tatu kabla ya safari, usije jioni ya kuamkia treni. Na tafadhali, AL (artemether-lumefantrine) iliyobaki kwenye droo si dawa ya kuzuia. Ni tiba, ina dozi sita za siku tatu, na ukimpa mtoto vidonge viwili "kwa tahadhari" unamwachia vimelea vilivyopunguka tu, ambavyo kipimo kinaweza kuvikosa.

"Hema letu lina wavu." Nimeyaona mahema hayo. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na saa hiyo ya kwanza hakuna aliye ndani ya hema. Watoto wamezunguka moto na chupi za kuogelea, miguu wazi, wakingoja samaki. Zipu imeachwa upana wa viganja viwili kwa sababu kila dakika kuna anayeingia kuchukua tochi. Mbu hujificha kwenye kona ya juu, wavu ukawafungia ndani pamoja na watoto. Utaratibu wangu ni huu: kabla ya jua kuzama, watoto waoge, wavae mikono mirefu, suruali na soksi, wapakwe dawa ya mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 30 kwenye ngozi iliyo wazi, isipokuwa viganja, macho na mdomo. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe, alale ndani ya chandarua. Zipu ifungwe kutoka saa kumi na moja, na mtu mzima apite na tochi kwenye kona kabla ya kulala. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani ya hema kamwe. Kitunguu saumu ni cha mchuzi, mbu hakiogopi.

Mchana nako kuna mbu mwingine, yule anayeeneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyapata zaidi ya mara moja. Vidonge vya malaria havimgusi huyo. Mtoto akipata homa mkiwa kule mpe paracetamol, usimpe ibuprofeni wala aspirini, kwa kuwa kama ni dengi zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

"Makaa yakishika na moshi ukaisha, jiko halina neno." Tabia hii ya kuingiza jiko ndani tunaibeba kutoka nyumbani, kwenye baridi ya kila Julai. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, nayo haina harufu wala rangi. Ndani ya hema lililofungwa kwa sababu mvua imenyesha, watoto hulemewa kwanza, kwani hupumua haraka kuliko sisi. Wanaanza kwa kuumwa kichwa na usingizi mzito, na mzazi anadhani wamechoka kwa kuogelea. Jiko libaki nje, hata likiwa na majivu matupu juu. Baridi ya Pwani inatibiwa na blanketi.

"Akizama tutamsikia." Hutasikia chochote. Mtoto anayezama ana kazi ya kutafuta pumzi, hana ya kupigia kelele, na anaweza kupotea ndani ya dakika moja ukijibu ujumbe kwenye simu. Maputo ya mikononi ni vya kuchezea, hutoboka, huchomoka. Wa chini ya miaka mitano awe karibu kiasi cha kumshika bila kupiga hatua. Na mkiwapeleka kwenye vidimbwi vya miambani maji yakiwa yamekupwa, waulizeni wavuvi saa ya kujaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda zaidi ya mita tatu kwa takriban saa sita, na huanza kujaza mikondo iliyo nyuma yenu, kati ya mwamba na ufuo. Hema nalo lisimame juu kabisa ya mstari wa mwani mkavu.

"Ngozi nyeusi haiungui." Inaungua, ila wekundu hauonekani, mnagundua usiku mtoto akikataa kuguswa mabega. Fulana na kofia, na kivuli kuanzia saa nne hadi saa tisa. Mwenye chini ya miezi sita asipakwe losheni ya jua, akae kivulini muda wote, wala asipewe maji "kwa sababu ya joto". Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji kila anapomaliza kumnyonyesha.