Hapana, Kazi Yangu Si "Kutupia PDF"

Juzi tena. Mhariri mpya wa jarida moja, mtu msomi na mstaarabu, kanitumia kwa WhatsApp PDF ya toleo zima, na chini yake kaandika: "Naomba uitupie kwenye tovuti, ni dakika tano tu." Maneno haya nimeyasikia kwa wahariri, kwa wakuu wa idara, kwa vijana wa mafunzo kwa vitendo, hata kwa shemeji yangu. Mimi natunza tovuti za majarida ya kitaaluma, na leo nayajibu kwa maandishi; atakayerudia nitamtumia kiungo cha ukurasa huu.

Tuanze na PDF yenyewe. PDF ya kawaida haijui kichwa cha makala ni kipi. Inachojua ni kwamba herufi K ikae hapa, kwa fonti hii, kwa ukubwa huu, basi. Wewe unaona kichwa, mwandishi, ikisiri na marejeleo kwa sababu umeshasoma makala nyingi. Mashine inaona herufi zilizotawanywa kwenye ukurasa. Ukurasa wa safu mbili ukisomwa vibaya, mashine huvuka kutoka safu moja hadi nyingine, ikatoa sentensi ambazo hakuna binadamu aliyezisema. Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, hujaribu kukisia, na mara nyingine hupatia, ila inapenda kuelezwa: lebo za meta, maelezo yanayofichwa ndani ya kodi ya ukurasa wa kila makala, yaani citation_title, citation_author, citation_publication_date, citation_pdf_url na ndugu zake. Kwa hiyo ukitupia PDF moja yenye makala tisa, umechapisha kitu kimoja. Wale waandishi tisa watakuja kwangu, si kwako, kuuliza mbona hawaonekani.

OJS (Open Journal Systems) huziandika lebo hizo yenyewe. (Ni programu huria ya kuendeshea majarida mtandaoni, ya Public Knowledge Project, mradi alioanzisha John Willinsky huko Kanada mwaka 1998, na ndiyo inayobeba majarida mengi ya vyuo vyetu.) Lakini inaandika kile ulichojaza. Ukijaza jina la mwandishi kwa herufi kubwa tupu, na cheo cha "Dkt." ndani yake, hivyo hivyo litakwenda duniani.

Na hapa niruhusuni nikae kidogo, maana hili hunikosesha usingizi na hakuna anayelijali. Chukua jina lenye ng'. Mtu mmoja kaliandika kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, U+0027 (hizi U+ ni namba za Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta). Wa pili kaandika kwenye Word, ikapindwa kuwa U+2019. Wa tatu kabonyeza kitufe cha pembeni kule juu kushoto, akapata U+0060. Wa nne, mtaalamu wa isimu, katumia U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi na si alama ya uandishi. Ukitazama kwenye skrini zote zinakaribia kufanana. Kwenye hifadhidata mwenye jina hilo ni watu wanne, kila mmoja na makala zake. Halafu kuna skripti (programu fupi) zinazokata maneno kwa \w+, kanuni isiyoihesabu ritifaa ya kibodi kuwa herufi, ambazo hulipasua neno ng'ombe likabaki "ng" na "ombe". Hebu fikiria jarida la mifugo ambalo ukitafuta ng'ombe unaambiwa hakuna.

Mimi huhifadhi U+2019 kwa ajili ya kuonyesha, na kwenye faharasa ya kutafutia nazigeuza zote kuwa U+0027, kwa sababu ndiyo anayobonyeza msomaji. Je, ni sahihi? Kimantiki U+02BC ina haki zaidi: ng' ni sauti moja, na ritifaa yake ni sehemu ya herufi. Ila kibodi za kawaida hazina kitufe chake. Nimeshabadili mawazo kuhusu hili zaidi ya mara moja, na siapi kwamba sitabadili tena. Vitabu vya kozi za wavuti havina hata sura moja ya jambo hili, maana waandishi wake hawana ng' kwenye majina yao.

Sasa DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni. Watu wana imani mbili kuhusu DOI, zote potofu. Ya kwanza ni kwamba ni cheti cha ubora. Si cheti. Crossref, iliyoanza mwaka 2000 na ndiyo inayosajili DOI za makala nyingi za kitaaluma, haisomi makala yako; inapokea maelezo yake na kuyasajili. Majarida ya kitapeli yana DOI tele. Na kama kisingizio chako ni ada, tangu Januari 2023 Crossref ina mpango wa GEM unaozisamehe ada taasisi za nchi zenye uwezo mdogo zaidi wa kiuchumi, Tanzania ikiwamo. Tafuta kisingizio kingine.

Imani ya pili ndiyo inayonichosha: kwamba ukishakuwa na DOI, kiungo hakifi. DOI ni jina lililoandikwa kwenye sajili, na mbele yake pameandikwa anwani. Msomaji akibofya, doi.org inamtuma kwenye anwani hiyo. Anayewajibika kuisahihisha ni mchapishaji. Mchapishaji akihama kimya kimya, DOI itaendelea kwa uaminifu wote kumpeleka msomaji mahali pasipo na kitu.

Na tunavyopenda kuhama! Mkurugenzi mpya, mzabuni mpya, tovuti mpya. Kwenye OJS, ile 214 ya anwani yenye article/view/214 ni namba iliyotoka kwenye hifadhidata. Ukisimika OJS upya na kuingiza makala ndani, zinapewa namba nyingine. Viungo vya zamani vyote vimekufa, pamoja na vile vilivyochapwa kwenye tanbihi za tasnifu za watu. Ndipo fundi anapokuja na dawa yake: anaelekeza kila anwani ya zamani kwenye ukurasa wa mwanzo, kisha anatangaza kwenye kikao kuwa hakuna kiungo hata kimoja kilichovunjika. Wajumbe wanapiga makofi.

Mwanafunzi wa Dodoma anayetafuta makala ya magonjwa ya muhogo anabofya tanbihi, anafikishwa kwenye picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Afadhali angeona 404, jibu la seva kwamba ukurasa haupo, angalau angejua makala haipo hapo. Google wenyewe huuona ukurasa wa namna hii kuwa 404 iliyojificha. Njia halali ni jedwali la safu mbili, namba ya zamani na namba mpya, kisha 301 (jibu la seva kwamba ukurasa umehamia anwani nyingine moja kwa moja) kwa kila makala, kisha kusahihisha anwani kule Crossref. Skripti yake ni fupi. Kigumu ni kuipata ile orodha ya zamani kabla mzabuni wa zamani hajazima seva kwa hasira ya kutolipwa.

Mengine nayapitia haraka. Milinganyo ya hisabati iliyobandikwa kama picha ni dhuluma. TeX, mfumo wa kupangia hisabati, ipo tangu 1978, ombeni faili la TeX kwa mwandishi. Folda ya files_dir ya OJS, inayotunza mafaili yanayopakiwa, isikae ndani ya folda inayofikika na umma, la sivyo siku moja wadukuzi watalifanya jarida lenu la teolojia litangaze kamari. Bakapu ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha usiihesabu.

Kuhusu JATS XML, muundo wa kuandika makala ili mashine ijue kila sehemu yake, kiwango cha NISO (shirika la viwango vya habari la Marekani) tangu 2012, wenye dini yake husema kila makala lazima iwe nayo. Kwa nadharia nakubaliana nao. Lakini jarida linalotoka mara mbili kwa mwaka, lenye mhariri mmoja anayefundisha saa kumi na mbili kwa wiki, litamlipa nani aziandae? Sijui kama inafaa. Huwa nawashauri wapeleke kwanza marejeleo safi Crossref, na moyoni nabaki na wasiwasi kwamba nawapunja.

Vijana huniuliza wasome lugha gani ya programu ili wapate kazi hii. SQL ya kuulizia hifadhidata, PHP ya kutosha kusoma kodi ya mtu mwingine, na regex, kanuni za kutafuta ruwaza za maandishi. Pia wajue kusoma prufu, jambo ambalo wengi hulidharau. Tangazo la kazi ya namna hii usilisubiri: utaajiriwa kama afisa TEHAMA na utaitwa kutengeneza printa, au utawekwa maktaba, ambako angalau watu wanajua metadata, yaani maelezo kuhusu makala, ni nini. Mimi ningechagua maktaba.

Ukija kwangu kwa mafunzo, utaanza na orodha ya DOI zetu, uandike skripti ya kukagua zipi zinafika. Weka pumziko kati ya ombi na ombi, seva za wenzetu ni dhaifu. Na usiridhike na jibu la 200, yaani seva inasema ukurasa upo. Kagua kama DOI yenyewe imeandikwa kwenye ukurasa uliofikia, maana ukurasa wenye mgeni rasmi na utepe nao hujibu 200.