Kuku wa Kienyeji Hajilei Mwenyewe: Dhana Potofu Kuhusu Mtetea na Vifaranga Wake

Kila masika hufika dukani kwangu mfugaji anayeeleza kuwa kuku wake ametotoa vifaranga 12 mwanzoni mwa wiki, sasa wamebaki 4, naye anataka dawa. Nikimwuliza vifaranga hao hushinda wapi, jibu huwa ni lilelile: wako na mama yao, na kuku wa kienyeji anajua kulea. Miaka yote niliyofanya kazi ya mifugo sijasikia sentensi iliyoua vifaranga wengi kuliko hiyo.

Ni kweli kwamba mtetea anajua kulea. Anajua kuwafunika, kuwaita penye chakula na kumrukia mwewe. Asichoweza ni kuyafanya yote kwa wakati mmoja. Kifaranga hawezi kujihifadhia joto la mwili katika wiki 2 au 3 za mwanzo, na joto la mama hulipata mama anapoketi, si anapotembea. Mama mwenyewe ametoka kuatamia siku 21, akiondoka kiotani muda mfupi tu kila siku ili ale, anywe na kujisaidia. Amekonda, ana njaa, na akifunguliwa alfajiri huenda mbali kutafuta riziki yake. Wanaomfuata hupita katika majani yenye umande, manyoya yao laini hulowa, na yule wa mwisho hubaki akilia nyuma ya kichaka. Huyo hakuugua, amekufa kwa baridi, na sina antibiotiki ya baridi, wala ya mwewe, wala ya kicheche, wala ya ndoo ya maji iliyoachwa wazi uani.

Wanachohitaji ni tenga, lile la kawaida la kubebea kuku, au banda dogo lenye sakafu kavu iliyotandikwa maranda. Mama na vifaranga wakae humo wiki 3 za kwanza, wakipewa chakula cha kuanzia na maji katika kisahani kifupi chenye kokoto, ili asizame mtu. (Chakula cha kuku wa mayai kisitumiwe badala yake, hata kama kiporo cha mfuko kipo stoo, kwa sababu wingi wa chokaa ndani yake huharibu figo za vifaranga.) Wapo wanaoniambia kuwa kumfungia kuku wa kienyeji ni kumtesa, na wapo wanaolalamikia gharama. Kwa hao wa pili huwa nawaomba wahesabu upya: kifaranga mchanga hula kidogo sana, na mtetea akitenganishwa katika wiki ya 4 na wanawe, nao wakaachwa mahali penye joto pasipopigwa mvua, huanza kutaga tena mapema, badala ya kuzunguka nao miezi miwili au zaidi bila kutoa yai.

Dhana ya pili inayonichosha ni kwamba chanjo ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi, ni ya kuku wakubwa. Kinga anayoipata kifaranga kupitia kiini cha yai hutegemea mama aliyechanjwa, nayo hupungua ndani ya wiki chache. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, ambayo kwetu hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, hutolewa tone moja jichoni, kipimo kilekile kwa kifaranga na kwa jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Haiponyi kuku aliyekwisha kuugua, kwa hiyo kuikimbilia baada ya jirani kupoteza kuku wake ni kuchelewa.

Mengine nitayapitia kwa kifupi. Yai lenye ncha kali halitoi jogoo kuliko yai la mviringo; kwa ndege, jinsia huamuliwa na urithi wa mama, na umbo la ganda halihusiki. Msumari au mkaa kiotani haukingi mayai dhidi ya radi, kwa kuwa kinachoyaharibu msimu wa mvua ni kiota kuvujiwa. Kuku anayeng'ang'ania kiota kitupu haponi kwa kuchovywa majini, jambo ambalo ni ukatili mtupu. Awekwe siku 3 au 4 katika kizimba cha waya kilichoinuliwa, hewa ipite chini yake, akiwa na chakula na maji, naye ataacha.

Wala si kweli kwamba mayai mengi huleta vifaranga wengi. Mtetea wetu hufunika vizuri mayai 10 hadi 13, na ukimwekea 20, yale ya pembezoni hupoa kwa zamu hadi karibu yote yameguswa na baridi. Hasara hiyohiyo hutokea kuku wengine wanapoachwa watagie katika kiota chake, kwa maana vifaranga wa kwanza wakitoka mama huondoka nao na kuyaacha mayai yaliyochelewa yakiwa na viumbe hai ndani. Mayai ya kuatamia yawekwe yote siku moja na kutiwa alama ya penseli, na lolote litakaloonekana jioni bila alama liende jikoni.