Mtafiti wa baada ya uzamivu: ni mwanafunzi au mfanyakazi?

Mama mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliniuliza: "Huyu mwanangu keshapata udaktari wake wa fizikia, sasa anasema aenda Ujerumani tena miaka miwili. Kwani kusoma hakuna mwisho?" Nilimwelewa. Jina la kazi yenyewe linapotosha.

Mtafiti wa baada ya uzamivu, yaani baada ya shahada ya udaktari, au postidoki, ni mfanyakazi. Ana mkataba na mshahara, halipi karo wala hangoji mtihani. Ila mkataba wake huwa wa muda, mara nyingi kati ya mwaka mmoja na mitatu, kwa kuwa fedha hutoka kwenye ruzuku ya mradi maalumu. Ruzuku ikikatika, na kazi imekwisha. Hilo ni gumu kwa mtu mwenye familia, na ni haki yake kulijua kabla hajafunga mizigo.

Afanya nini huko? Tuseme amechukua nafasi ya uhandisi wa maada, yaani elimu ya vitu tunavyojengea na kuundia. Nenda ukaitazame nyumba yoyote ya zege iliyo karibu na maji, Shela au Malindi. Utaona ufa mwembamba ukutani, umenyooka kufuata nondo iliyomo ndani, una doa la rangi ya kahawia. Gonga hapo, utasikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Chumvi ya bahari imepenya kwenye zege hadi kwenye chuma. Chuma kikiliwa, kutu yake hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi hulipasua zege kutoka ndani. Postidoki hukata kipande cha zege kama hilo, akakitazama kwa hadubini ya elektroni, akapima chumvi imeingia milimita ngapi, kisha akajaribu mchanganyiko mwingine wa saruji. Kuta za kale za Mji wa Lamu ni matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko. Hazina nondo ya kuliwa, na mimi naona hilo pekee linatosha kuwa mada ya utafiti.

Na Flipflopi je? Chombo kile cha baharini cha plastiki iliyookotwa kiliundwa hapahapa na mafundi wetu, kikazinduliwa 2018. Plastiki ile itavumilia jua na mawimbi miaka mingapi? Hilo ni swali la sayansi ya maada.

Ukisoma tangazo, anza na shahada inayotakiwa. Wakitaka uzamivu uliokwisha kukamilika, hiyo ni postidoki. Wakitaka uzamili, huenda ni nafasi ya kusomea uzamivu, na Ujerumani, Uholanzi na Sweden nayo mara nyingi hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Ruzuku za Ulaya za Marie Skłodowska-Curie hupokea watu wa uraia wowote, ila usiwe umeishi nchi unayoiendea zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Barua yako iwe fupi, ioneshe kuwa umezisoma kazi za mkuu wa maabara unayemwandikia. Na yeyote atakayekudai pesa ili akupe kazi, mkimbie.

Mama yule nilimwonesha mkataba wa mwanawe kwenye simu: mshahara wa kila mwezi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Akazisoma zile tarehe mbili pole pole, kisha akauliza kama nauli analipa mwajiri. Tukarudi juu kuitafuta ile ibara.