Kompyuta Hujifunza Ujumi wa Nani?

Mtu anapoona kompyuta imechora picha ya kupendeza, huenda akadhani kwamba mashine hiyo imefundishwa maana ya uzuri. Ukweli ni kwamba imefundishwa kukisia ni picha zipi watu fulani wangezipenda, na ni vyema kuuliza watu hao ni akina nani.

Mwaka 1933 mwanahisabati wa Marekani, George David Birkhoff, alipendekeza kwamba kipimo cha ujumi, yaani uzuri wa kitu machoni pa mtazamaji, hupatikana kwa kugawanya kiasi cha mpangilio kwa kiasi cha uchangamano. Kwa hesabu yake, kati ya maumbo bapa yenye pande nyingi, mraba ndio ulioshika nafasi ya kwanza, ingawa ni wachache watakaotundika mraba mtupu ukutani na kuuita sanaa.

Mwaka 1991 Karl Sims, msanii na mtafiti wa michoro ya kompyuta, alifuata njia nyingine: programu yake ilizalisha picha kadhaa kwa fomula za hisabati, mtazamaji akachagua zilizompendeza, na fomula za picha hizo zikachanganywa na kubadilishwa kidogo ili kuzaa kizazi kipya. Njia hiyo ilileta picha za ajabu, ila jicho la binadamu huchoka mapema kuliko mashine, ndiyo maana watafiti wakaanza kufundisha mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, iige uchaguzi wa mtu na kuchagua kwa niaba yake.

Ufundishaji huo huhitaji kura nyingi. AVA, hifadhi ya picha za utafiti iliyotolewa mwaka 2012, ina picha zaidi ya 250,000 zilizopewa alama 1 hadi 10 na washiriki wa mashindano ya upigaji picha mtandaoni, yaani watu wenye mazoea yao kuhusu mwanga, rangi na mpangilio. Tena wastani huficha mengi: picha iliyopewa 5 na kila mtu hulingana na ile ambayo nusu waliipa 1 na nusu wakaipa 9, ilhali kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo inayostahili kujadiliwa. Mwaka 2017 watafiti wa Google walijaribu kuiziba kasoro hiyo kwa kufundisha mtandao ukisie mtawanyo mzima wa kura badala ya wastani peke yake.

Kura za AVA zilitumika pia, pamoja na nyingine, kufundisha kipimo kilichochuja picha za kuifunza Stable Diffusion, programu inayochora picha kutokana na maneno ya mtumiaji, mwaka 2022: katika hatua za mwisho za mafunzo, picha zilizokisiwa kupata alama chini ya 5 ziliachwa nje. Kwa hiyo mapendeleo ya wapiga kura hao yalikwishaingia ndani ya programu kabla mtumiaji hajaandika neno lake la kwanza.