Kutoboa faiba yenye nano: kazi iko kwenye milimita za mwisho

"Fundi, resini hii wanasema imetiwa nano. Keekee yangu itaiweza?" Swali hili nalipata sana kutoka kwa vijana wanaotengeneza boti za faiba Unguja na Pemba. Faiba ni tabaka za nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini, yaani gundi inayoganda, na nano ni chembe ndogo mno zinazotiwa humo. Keekee itaiweza. Ila boti ikitobolewa vibaya, nano haitaiokoa, na sababu yake inafaa kujulikana.

Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Uzi wa kioo tunaoutandaza kwenye kalibu una unene wa maikromita 10 hadi 20 hivi, na neli ya kaboni, yaani kijibomba cha kaboni, inaweza kuwa nyembamba kuliko uzi huo mara elfu moja. Wengi wetu tumeshazoea vitu vya ukubwa huu bila kuviita nano. Ule unga mweupe wa silika, mwepesi kama haupo, tunaoutia kwenye resini isichirizike, chembe zake ni za nanomita chache hadi makumi. Kinachoongezeka sasa ni neli za kaboni, grafini (vipande vyembamba mno vya kaboni) na udongo wa nano, na vyote hutiwa kidogo mno. Neli mara nyingi hazifiki hata asilimia 1 ya uzito wa resini.

Nyongeza hizi haziongezi nguvu ya nyuzi. Zinakaza resini iliyo baina ya tabaka na tabaka, na hapo ndipo faiba ilipo dhaifu. Ufa ukianza kupita, unakutana na vizuizi vidogo visivyohesabika na unahitaji nguvu zaidi kuendelea. Lakini sharti zitawanyike. Zikibaki madonge, kama unga kwenye uji uliokorogwa kwa haraka, kila donge linakuwa mahali pa ufa kuanzia. Kukoroga kwa kijiti ndani ya ndoo hakutoshi kabisa kwa neli za kaboni. Nunueni resini iliyokwisha kuchanganywa kiwandani.

Sasa tuingie kwenye shimo. Chukua ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, pale mashine inapofungwa kwa boliti. Keekee inapoingia inakata, na chini yake kuna tabaka nyingi za kuibeba. Inapokaribia kutokea upande wa pili, tabaka zilizobaki ni chache na hazina kitu cha kuegemea. Kitovu cha ncha hakikati vizuri, kinasukuma. Msukumo ukizidi, tabaka za mwisho zinaachana, kisha maji ya chumvi yanapata njia.

Mwaka 1990 watafiti Ho-Cheng na Dharan walilitolea jambo hili hesabu, na mimi naipenda kwa sababu inajibu swali la nano waziwazi. Kwa hesabu hiyo, ukakamavu wa resini dhidi ya ufa ukiongezeka mara mbili, msukumo ambao faiba inauvumilia unaongezeka mara 1.4 tu. Lakini unene uliobaki chini ya ncha ukipungua kwa nusu, uvumilivu unashuka hadi kama theluthi moja. Kwa hiyo nyongeza bora kabisa inashindwa na mkono mzito katika milimita mbili za mwisho.

Kwa hiyo fungeni kipande cha ubao mgumu nyuma, kibanwe kwa jiriwa kigusane kabisa na faiba. Ncha iwe ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, kwa sababu kioo kinakula chuma cha kawaida upesi, na silika inaongeza ulaji huo. Ncha butu inataka kusukumwa, tena inachemsha. Epoksi, ambayo ni aina ya resini, iliyokauka bila tanuri mara nyingi huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 au 70, na ncha inayosugua inapita hapo kwa urahisi. Mkiona resini imeganda kwenye ncha, simamisheni kazi.

Vumbi nalisema kwa uzito wote. Mwaka 2014 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, waliiweka aina moja ya neli za kaboni, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Chembe nyingi zinazotoka wakati wa kutoboa bado zimefunikwa na resini, lakini vumbi la kioo peke yake linatosha kuumiza mapafu. Kujifunga kitambaa puani si kinga. Vaeni barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini sana, inayobana uso vizuri, na mvute vumbi palepale linapotoka. Msikae upande linakoelekea upepo, wala msiwaache watoto wa pwani wakae huko kutazama. Vumbi la kaboni pia linapitisha umeme, na likiingia kwenye mota ya keekee linaweza kuiunguza.

Shimo la boliti kwenye tezi yenye plaiwudi ndani msilimalize kwa pigo moja. Toboeni pana kuliko boliti, jazeni epoksi iliyokazwa kwa silika, muiache hadi siku ya pili, ndipo mtoboe tena katikati yake kwa kipimo cha boliti, ili epoksi ibaki kuizibia plaiwudi maji.