Koloni moja si bakteria mmoja: maana ya cfu kwenye majibu ya maziwa

Majibu ya maziwa yanaporudi kutoka maabara, jicho la kila mtu huenda kwenye namba kubwa yenye herufi tatu nyuma yake: cfu. Imeandikwa 1,500,000 cfu/ml, na anayesoma anasema kila mililita ina bakteria milioni moja na nusu. Husema hivyo wanafunzi wa kidato cha tano, husema hivyo wanachuo wanaosomea ualimu wa biolojia, na hata kwenye vikao vya vyama vya wafugaji namba hiyo husomwa hivyo hivyo. Usomaji huo si sahihi, na ukishaelewa kwa nini si sahihi utakuwa umeielewa dhana yenyewe.

Herufi hizo zinasimama kwa colony-forming unit, yaani kizio cha kuunda koloni. Kizio hicho ni kitu chochote hai kilichoangukia kwenye chakula cha kuoteshea, kikazaana na kuacha doa linaloonekana kwa macho. Kinaweza kuwa bakteria mmoja. Kinaweza kuwa mnyororo wa Streptococcus kumi, au kichala cha Staphylococcus arobaini walioshikana kama zabibu. Doa litakalotokea ni moja tu katika hali zote tatu. Neno koloni tumelizoea kwenye somo la historia. Hapa maana yake ni rundo la mamilioni ya seli zilizotokana na chanzo kimoja na kukaa palepale zilipozaliwa. Anayehesabu anahesabu vyanzo. Idadi ya bakteria waliokuwa kwenye maziwa ni sawa na namba hiyo au zaidi, na mara nyingi ni zaidi.

Tuliangalie dumu la plastiki la lita 20, lile lililowahi kubeba mafuta ya kula na sasa linabebea maziwa kutoka zizini hadi kituo cha kukusanyia, iwe Tukuyu au Njombe. Mpini wake una uwazi kwa ndani. Brashi haifiki humo, na maji ya moto hupita juu juu tu. Mabaki ya maziwa hujenga humo utando mwembamba unaoteleza, ambamo bakteria wamejigandisha kwa ute wao wenyewe. Maziwa ya asubuhi yakimiminwa, vipande vya utando hubanduka na kuingia. Kipande kimoja chenye maelfu ya seli kikifika kwenye sahani kikiwa kizima, kitahesabiwa kama koloni moja. Kikivunjwa kwanza, kitakuwa makoloni mengi. Ndiyo sababu utaratibu wa maabara za maziwa unadai chupa ya sampuli itikiswe mara 25 ndani ya sekunde 7, mkono ukisafiri kama sentimita 30 kila mara. Wanafunzi wawili wakipewa maziwa yaleyale, mmoja akatikisa hivyo na mwingine akapindua chupa mara mbili tu, watapata namba tofauti ingawa hakuna bakteria hata mmoja aliyezaliwa katikati. Mwalimu anayetaka darasa lielewe tofauti ya kizio na seli hana zoezi zuri kuliko hilo.

Kipimo chenyewe huanza kwa kuzimua. Maziwa hayawezi kumwagwa kwenye sahani kama yalivyo, kwa kuwa makoloni yangejazana hadi yawe zulia moja. Unachukua mililita 1 ya maziwa na kuitia kwenye neli yenye mililita 9 za maji ya peptoni (protini iliyomeng'enywa) ya asilimia 0.1 yaliyotakaswa. Hapo maziwa yamezimuliwa mara 10. Unachanganya, unachukua mililita 1 kutoka neli hiyo kwenda neli ya pili yenye mililita 9, sasa ni mara 100, na unaendelea hivyo hadi mara 100,000. Kila neli na pipeti yake. Anayetumia pipeti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho hubeba matone ya maziwa mazito yaliyoganda kwenye kuta zake, na namba ya mwisho huvimba bila sababu ya kweli.

Kutoka kila neli unaweka mililita 1 kwenye sahani mbili za Petri, kisha unamimina mililita 15 hivi za agari, kile chakula cha kuoteshea kinachoganda kama jeli, iliyopozwa hadi nyuzi 45. Joto hilo lina sababu. Agari ikiwa ya moto kuliko hapo, baadhi ya bakteria hufa au hudhoofika na hesabu inashuka. Ikipoa mno, inaganda kabla hujaichanganya na sampuli, na katika asubuhi za Juni na Julai za Mbeya, sahani zikiwa zimelala kwenye meza baridi, hilo hutokea haraka kuliko mtu anavyotegemea. Sahani zikishaganda hugeuzwa kifudifudi na kuwekwa kwenye inkubeta, nyuzi 30 kwa saa 72. Zisipogeuzwa, mvuke hujikusanya kwenye kifuniko, matone yanadondoka, na koloni moja inasambazwa kuwa ziwa.

Tuseme baada ya siku tatu sahani za mara 1,000 zimejaa hazihesabiki, za mara 10,000 zina makoloni 142 na 158, na za mara 100,000 zina 13 na 17. Zinazotumika ni zile za katikati tu. Wastani wake ni 150, mara 10,000, tunapata 1,500,000 cfu/ml. Kwa madaraja ya kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, EAS 67, yaani daraja la kwanza chini ya 200,000, la pili hadi 1,000,000 na la tatu hadi 2,000,000, maziwa hayo yameangukia daraja la tatu.

Kwa nini sahani ya makoloni 13 iliachwa? Maabara nyingi hukubali sahani zenye makoloni 30 hadi 300 tu, na wanafunzi hukariri mipaka hiyo bila kuambiwa sababu. Sababu ya mpaka wa chini ni bahati. Ukihesabu makoloni 9, bahati tu ya tone ulilochota inaweza kukuyumbisha kwa 3 juu au chini, sawa na theluthi nzima. Ukihesabu 100, kuyumba ni kama 10, yaani sehemu moja ya kumi. Hesabu yake ni kipeuo cha pili cha namba uliyoipata: kipeuo cha 9 ni 3, cha 100 ni 10. Sababu ya mpaka wa juu ni msongamano. Zaidi ya 300, makoloni hugombania chakula, mengine hubaki madogo yasionekane, mengine huungana mawili kuwa moja.

Kuna jambo moja la mwinuko ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya maeneo ya pwani havilitaji. Agari na maji ya peptoni hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, na shule isiyo na otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo, hutumia presha kuka, ikiambiwa isubiri shinikizo la paundi 15. Lakini geji hupima tofauti kati ya ndani ya chungu na hewa ya nje. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na geji ikisoma paundi 15 mvuke wa ndani una nyuzi 118 tu. Ili kufikia 121 geji inapaswa kusoma karibu paundi 18, na presha kuka nyingi za jikoni hufungua vali kabla ya hapo. Usiizibe vali. Ongeza muda: spora za bakteria, yaani hali yao ya kujihami inayostahimili joto, huhitaji muda mara mbili kwa kila upungufu wa nyuzi 3, kwa hiyo dakika 30 badala ya 15. Asiyejua hili atamimina agari yenye spora hai, zitaota, na atayalaumu maziwa. Kinga yake ni kuwa na sahani moja ya agari tupu isiyo na sampuli kila unapopima. Ikiota chochote, kazi yote ya siku hiyo inarudiwa. (Kwa mama anayechemsha maziwa nyumbani mwinuko huu hauna madhara: nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuua bakteria waletao magonjwa kwenye maziwa, na nyuzi 94 ziko mbali juu ya hapo.)

Muda kati ya kituo na maabara nao unaingia kwenye namba. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70. Sampuli iliyokuwa na 50,000 ikikaa kwenye buti la gari bila barafu, bakteria wakaongezeka mara mbili kila saa, baada ya saa nne inafika 800,000. Mfugaji aliyekamua kwa usafi atashushwa daraja kwa kosa la msafirishaji. Sampuli isafiri kwenye barafu, nyuzi 0 hadi 4, isigande, na ipimwe kabla ya saa 24.

Hadi hapa tumeangalia namba inavyopatikana. Linaloleta hatari kwa afya ya jamii ni namba hii kupewa kazi isiyoiweza.

Hesabu ya jumla haisemi ni bakteria gani. Mtindi mzuri unapaswa kuwa na bakteria wa kuchachusha wasiopungua milioni 10 kwa gramu, na hakuna anayeugua kwa ajili yao. Upande wa pili, maziwa yenye 20,000 tu, daraja la kwanza bila ubishi, yanaweza kuwa na Brucella, bakteria anayeleta ugonjwa wa brusela. Bakteria huyo huota polepole, hutaka chakula maalumu na maabara yenye ulinzi mkubwa. Kwenye sahani yako ya saa 72 hataonekana. Mycobacterium bovis, anayeleta kifua kikuu cha ng'ombe kwa binadamu, huhitaji wiki kadhaa. Kila sahani hujibu swali moja tu: ni vizio vingapi vilivyoweza kuota kwenye chakula hiki, kwa joto hili, kwa muda huu. Asiyependa chakula hicho hajibu, hata awe hai namna gani. Wapo pia bakteria waliodhoofishwa na baridi au dawa ya kusafishia vyombo, walio hai lakini hawaoti, na Escherichia coli na Vibrio cholerae wamethibitishwa kuwa na tabia hiyo.

Sumu pia haihesabiki kwa koloni. Staphylococcus aureus kutoka kwenye kiwele chenye ugonjwa au kidole chenye jipu akifikia kama 100,000 kwa mililita anaweza kutoa sumu ya kutosha kutapisha. Ukichemsha maziwa hayo bakteria wanakufa wote, sahani inatoka safi kabisa, na sumu inabaki kwenye kikombe, kwa kuwa inastahimili kuchemshwa. Kwa hiyo hesabu ndogo baada ya kuchemsha haifuti uzembe wa kabla ya kuchemsha.

Basi ina faida gani? Inafaa kupima njia. Majibu huja baada ya siku tatu, maziwa yenyewe yameshanywewa, kwa hiyo haiwezi kuamua keni hii ipokelewe au irudishwe; kazi hiyo hufanywa mlangoni kwa kipimo cha alkoholi na laktomita (kifaa cha kupima uzito wa maziwa). Lakini ukichukua sampuli kwenye ndoo ya kukamulia, kwenye dumu likifika kituoni, na kwenye tangi la kupozea, namba tatu za siku moja zitakuonyesha uchafu umeingilia wapi. Ikiwa ndooni ni 8,000 na kwenye dumu ni 900,000, usihangaike na kiwele. Angalia mpini wa dumu.

Kwa wanaofundisha: sahani zikishaota zisifunguliwe darasani. Zibandikwe utepe wa gundi sehemu mbili au tatu kabla ya kuoteshwa, siyo kuzungushiwa kote, maana sahani isiyopata hewa huwapendelea bakteria wasiotaka oksijeni. Sampuli za mikono, choo au makohozi zisioteshwe shuleni. Mwisho wa zoezi sahani zirudi kwenye presha kuka kwa dakika 30, au zilowekwe usiku kucha kwenye dawa ya klorini ya asilimia 0.5, ambayo kwa dawa ya dukani ya asilimia 3.5 ni sehemu moja ya dawa na sehemu sita za maji. Klorini na presha kuka zisitumiwe pamoja, kwa kuwa joto huifanya itoe gesi mbaya.

Limebaki suala la sifuri, ambalo hukosewa kuliko yote. Sahani ya maziwa yaliyozimuliwa mara 10 ikitoka bila koloni, mwanafunzi huandika 0 na kueleza kuwa maziwa hayana bakteria. Alichokiona ni kwamba kwenye sehemu moja ya kumi ya mililita hakuna kilichoota. Jibu linaandikwa "chini ya 10 cfu/ml". Ile sampuli ya mfano wetu nayo iandikwe ikamilike: maziwa mabichi, dumu kituoni, saa 1:30 asubuhi, yamesafirishwa kwenye barafu, nyuzi 30, saa 72, sahani ya agari tupu safi, 1,500,000 cfu/ml.